Kuisha, Kuishiwa na Kumaliza: Namna Kiingereza na Kiswahili Vinavyoeleza Upungufu

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno yanayotumika kila siku nyumbani, dukani na ofisini ni yale yanayoeleza kupungua kwa vitu. Unga hupungua, mafuta ya taa huisha, fedha hutindika, muda huyoyoma. Ni maneno ambayo mwanafunzi hujifunza mapema, na ambayo mwalimu huyapita upesi kwa kudhani kwamba hayana utata. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utata upo, na kwamba hudhihirika hasa pale Kiingereza kinapotafsiriwa kwa Kiswahili. Tutachunguza kitenzi cha Kiingereza "run" katika miungano yake mitatu, yaani "run low", "run short" na "run out", pamoja na jirani yake "dwindle". Kisha tutavilinganisha na vitenzi vya Kiswahili -pungua, -isha, -tindika na -maliza, pamoja na minyambuliko yake.

Hoja yetu ni hii. Kiingereza hubadilisha kiima na kukiacha kitenzi kama kilivyo. Kiswahili hukibadilisha kitenzi chenyewe. Kwa sababu hiyo, mfasiri anayeandika Kiswahili hatoshelezwi na kujua maana ya "run out". Hana budi kuamua kwanza ni nani aliyepatwa na upungufu, na ni nani, kama yupo, aliyeusababisha. Uamuzi huo unapita mipaka ya sarufi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi tangazo la kukosekana kwa dawa au maji linatazamiwa kusema jambo moja katika lugha zote mbili. Tutaona kwamba ni rahisi sana lisiseme jambo moja.

2. Kitenzi cha Kiingereza

Mwanafunzi wetu hufundishwa kwamba "run" ni kukimbia, na maana hiyo humkaa akilini. Lakini katika miungano tunayoijadili, taswira iliyopo si ya miguu bali ni ya kitu kinachotiririka. Kwa Kiingereza mto "runs", bomba lililofunguliwa "runs", na pua yenye mafua "runs". Pipa ambalo kimiminiko chake kimeshuka karibu na kitako "runs low"; likitoka chote, limekwisha. Mwalimu akiieleza taswira hii tangu mwanzo, mwanafunzi ataacha kutafuta mtu anayekimbia ndani ya sentensi ambayo haina mkimbiaji.

Tuitazame mifano ifuatayo:

(1) The flour is running low.
(2) We are running low on flour.
(3) We have run short of flour.
(4) We have run out of flour.
(5) The flour has run out.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, kuna ngazi tatu za upungufu. Katika (1) na (2) unga ungalipo, ila umekaribia kwisha. Katika (3) huenda upo, lakini hautoshi kwa haja iliyopo. Katika (4) na (5) haupo tena. Pili, kila ngazi ina kihusishi chake pale mtu anapokuwa kiima: "low" huandamana na "on", "short" na "out" huandamana na "of". Wanafunzi hukosea hapa mara kwa mara, wakaandika "low of" kwa kufuata mfano wa wenzake wawili. Tatu, na hili ndilo kubwa, kiima kinaweza kuwa unga au kinaweza kuwa sisi, na kitenzi kisibadilike hata kidogo. Linganisha (4) na (5): tofauti yote imo katika mpangilio wa nomino na kihusishi.

"Dwindle" hakina uhuru huo. Kitenzi hiki kimetokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kukonda na kunyauka, na hata leo kinaeleza kupungua kwa polepole, kidogo kidogo, pasipo kufika mwisho papo hapo. Kiima chake ni kile kinachopungua:

(6) Our supplies are dwindling.
(7) *We are dwindling of supplies.

Mfano wa (7) haukubaliki. "We are dwindling" peke yake ni sentensi sahihi, lakini maana yake ni kwamba idadi yetu wenyewe inapungua. Jambo hili tulikumbuke, kwa kuwa Kiswahili kina tofauti iyo hiyo, nacho huionyesha kwa njia iliyo wazi zaidi.

3. Kitu kinapokuwa kiima katika Kiswahili

Umbo la msingi la vitenzi vyetu humweka nje mtu na kukitaja kitu tu:

(8) Unga umepungua.
(9) Unga unakwisha.
(10) Unga umekwisha.

Mfano wa (8) haulingani barabara na (1). Kiambishi -me- hapa kinaeleza hali iliyopo: unga si mwingi kama ulivyokuwa. Waweza kuwa umepungua na bado ukatosha mwezi mzima. Anayetaka kuifikisha hofu iliyomo katika "running low" hufaidika zaidi na (9), au na maneno kama "unga unakaribia kwisha" na "unga umebaki kidogo". Kwa upande mwingine, "dwindle" hupokewa vizuri na -pungua katika wakati wa -na-: "akiba yetu inapungua", na ikihitajika kuonyesha upole wa mwendo huo, "inapungua siku hata siku".

Kitenzi -isha kina tabia zake. Ni miongoni mwa vitenzi vinavyohifadhi ku- ya kitenzi-jina katika baadhi ya nyakati, kama -enda. Kwa hiyo husemwa "umekwisha" sawa na "umekwenda". Katika mazungumzo, na siku hizi katika maandishi pia, "umeisha" limeenea. Kitenzi hiki pia kimekuwa kisaidizi: "amekwisha kula" imefupika hata tukapata "ameshakula", ambamo -sha- haina tena maana ya kupungua kwa kitu bali ya kukamilika kwa tendo. Yaani neno la kueleza unga ulioisha ndilo lililotupatia njia ya kueleza kwamba kazi imekamilika. Kiingereza hakikukitumia "run out" kwa namna hii.

Lazima pia tukumbuke kwamba Kiswahili huchagua kitenzi kulingana na kitu chenyewe. Maji ya bahari hupwa. Maji ya bomba na umeme hukatika, na katika Kiswahili cha Nairobi hupotea. Kisima hukauka. Muda huyoyoma. Bidhaa ikikosekana sokoni huadimika, na hili ni tofauti na kuisha. Mwezi Aprili 2022, Kenya ilipokumbwa na uhaba wa petroli, ilikuwa sawa kusema kwamba petroli imeadimika nchini na kwamba kituo fulani kimeishiwa. Kauli ya kwanza yahusu soko, ya pili yahusu tangi la kituo kimoja. Mwandishi anayetumia -isha kwa yote mawili huipoteza tofauti ambayo lugha imekwisha kumtengenezea.

4. Mtu anapokuwa kiima: kauli ya kutendea na kutendewa

Kiswahili hakiwezi kumfanya mtu kuwa kiima cha -isha na kuliacha umbo la kitenzi kama lilivyo. "Tumeisha" ni sentensi, lakini inasema kwamba sisi wenyewe tumefika mwisho wetu. "Tumepungua" nayo inasema kwamba idadi yetu si kama ya jana. Hii ndiyo tofauti tuliyoiona katika "dwindle". Ili mtu aingie katika sentensi kama mpatwa, kitenzi hunyambuliwa kwanza katika kauli ya kutendea:

(11) Unga umetuishia.
(12) Unga unatuishia.

Hapa unga ungali kiima, ila kiambishi -tu- kimemwingiza mpatwa akiwa yambwa. Mfano wa (12) ndio tafsiri iliyo karibu sana na (2), kwa kuwa unaeleza mwendo unaoendelea na pia watu unaowahusu. Kiingereza kina umbo linalofanana na hili, "the flour ran out on us", lakini halitumiki sana. Na kiima chake kikiwa mtu badala ya unga, maana inageuka na kuwa kutoroka na kuwaacha wengine matatani.

Hatua ya pili ni kauli ya kutendewa, ambayo humpandisha mpatwa awe kiima:

(13) Tumeishiwa na unga.
(14) Tumepungukiwa na unga.
(15) Tumetindikiwa na unga.

Mfano wa (13) unalingana na (4). Ule wa (14) unalingana na (3), ingawa mipaka yake ni mipana zaidi, kwani -pungukiwa huweza kueleza uhaba na pia ukosefu kamili. Kwa umbo, -pungukiwa hakikutoka moja kwa moja katika -pungua bali katika -punguka. Mfano wa (15) unasikika zaidi katika maandishi na katika usemi wa watu wa pwani kuliko katika mazungumzo ya bara. Maana yake ni kukatikiwa na kitu kilichokuwa kikitumika.

Je, na iliyomo katika (13) hadi (15) ni ya nini? Swali hili huulizwa na wanafunzi wenye makini, na jibu lake linastahili kuelezwa kwa ukamilifu. Katika sentensi ya kutendwa iliyo ya kawaida, na humtambulisha mtenda: "tumefukuzwa na mbwa". Wengine huona ajabu kwamba unga, ambao haukutenda lolote, uwekwe katika nafasi hiyo. Lakini tukiutazama mnyambuliko wenyewe hatutaona ajabu. Vitenzi vya aina hii huanza bila yambwa, na kiima chake ni kile kinachopatwa na badiliko:

-fa, -fia, -fiwa: amefiwa na mume
-potea, -potelea, -potelewa: amepotelewa na fedha
-ungua, -ungulia, -unguliwa: wameunguliwa na nyumba
-haribika, -haribikia, -haribikiwa: ameharibikiwa na gari
-isha, -ishia, -ishiwa: tumeishiwa na unga

Mume ndiye aliyekufa. Fedha ndizo zilizopotea. Unga ndio ulioisha. Kilichokuwa kiima cha kitenzi cha msingi ndicho kinachofuata na mara mpatwa anapokichukua kiti cha kiima. Kanuni ni ile ile ya "tumefukuzwa na mbwa", na na hii ina haki kamili ya kuwapo. Ni kweli kwamba wasemaji wengi huiacha na kusema "tumeishiwa unga" au "ameishiwa nguvu", na hatuoni sababu ya kuwasahihisha. Lakini hakuna asemaye "amefiwa mume". Inaelekea kwamba na huachwa kwa urahisi zaidi pale kitu kinapokuwa hakina uhai, na kikaanza kuchukuliwa kana kwamba ni yambwa.

Orodha hiyo yatufunza jambo jingine. Kuishiwa kumo katika kundi moja na kufiwa, kupotelewa na kuunguliwa. Kwa Kiswahili, anayeishiwa ni mtu aliyefikwa na jambo. Kiingereza kinaposema "we ran out", sentensi ina sura ya kutenda, kana kwamba sisi ndio tulioenda mahali. Kiswahili hakisemi hivyo. Hata gari, ambalo halina hisia, hupewa nafasi ya mpatwa: "gari limeishiwa na mafuta". Vivyo hivyo husemwa "simu imeishiwa na chaji".

Tahadhari moja inafaa hapa. Katika mazungumzo ya vijana wa Nairobi, "ameishia" maana yake ni kwamba ameondoka, ilhali "ameishiwa" bila ya kutaja kitu humaanisha kwamba hana fedha. Herufi moja ndiyo inayotofautisha aliyekwenda zake na aliyefilisika. Pia -ishia hueleza mahali au hali ambayo jambo lilikomea, kama vile "mkutano uliishia kwa ugomvi". Maana hizi zote ni halali mahali pake, na mwalimu atafanya vyema kuzitenganisha mapema.

5. Kumaliza na suala la lawama

Kuna kitenzi cha tatu ambacho huletwa mno katika tafsiri za "run out", nacho ni -maliza. Tofauti yake na -isha huonekana vizuri katika methali mbili zinazojulikana sana:

(16) Bandu bandu huisha gogo.
(17) Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Methali hizi zinafanana kwa mafunzo: kidogo kidogo huleta mwisho. Lakini katika (16), jinsi inavyosemwa mara nyingi, kitenzi ni cha gogo. Gogo huisha, na mwenye shoka hatajwi. Katika (17) kuchovya ndiko kunakomaliza, na kidole cha mchovyaji kinaonekana. Methali ya kwanza hutumika zaidi kumtia moyo mwenye kazi kubwa. Ya pili humwonya mlaji asiyejizuia. Kila moja imechagua kitenzi kinacholingana na shabaha yake.

Basi "tumemaliza sukari" si sawa na "tumeishiwa na sukari". Ya kwanza inasema kwamba tuliitumia sisi, na huenda kuna anayestahili kuulizwa. Ya pili inasema kwamba tumepatwa. Kiingereza kina tofauti hiyo kati ya "we have finished the sugar" na "we have run out of sugar", lakini mfasiri mwenye haraka huziona zote kuwa moja.

6. Athari zake katika tafsiri na ufundishaji

Tuchukue sentensi moja ya Kiingereza ya aina inayopatikana katika taarifa za kila siku:

(18) The hospital has run out of medicine.

Kwa Kiswahili yaweza kutolewa kwa namna zifuatazo, na zote ni sahihi kisarufi:

(18a) Hospitali imemaliza dawa.
(18b) Hospitali imeishiwa na dawa.
(18c) Dawa zimekwisha hospitalini.
(18d) Dawa zimewaishia wagonjwa.

Katika (18a) hospitali ni mtenda, na msikilizaji ana haki ya kuuliza imezifanyia nini dawa hizo. Katika (18b) hospitali ni mpatwa, inahurumiwa. Katika (18c) hakuna mtenda wala mpatwa. Dawa zimekwisha zenyewe, kama vile jua linavyokuchwa. Ni katika (18d) peke yake ambamo mgonjwa anatajwa. Sentensi ya Kiingereza haikumtaja mgonjwa na haikuilaumu hospitali. Kwa hiyo (18b) ndiyo iliyo aminifu zaidi. Lakini mwandishi wa Kiswahili hana budi kujua kwamba amechagua, na kwamba (18c), ambayo hupendwa kwa wepesi wake, imemwondoa kila mtu katika habari inayowahusu watu.

Tena -ishiwa, kama "run out", hudai kwamba mpatwa alikuwa nacho kitu hicho hapo kwanza. Ndiyo maana "wagonjwa wameishiwa na dawa" hueleweka kama wagonjwa waliokuwa na dawa zao mikononi. Ikiwa walifika wasipewe kabisa, neno lifaalo ni -kosa: "wagonjwa wamekosa dawa". Ripoti inayochanganya -ishiwa na -kosa huficha kama dawa ziliwahi kufika au hazikufika kamwe, na hilo ndilo swali ambalo wananchi huuliza.

Watafsiri wa Biblia walikuwa na tatizo linalofanana na hili. Katika Kiingereza cha tafsiri ya 1611, kitenzi "want" kilitumika kwa maana ya kupungukiwa au kukosa, na ndivyo kinavyoonekana katika Zaburi ya 23 na katika habari ya arusi ya Kana. Anayekijua kitenzi hicho kwa maana ya leo tu, yaani kutaka, atakwama. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, ina -pungukiwa katika Zaburi hiyo na -tindikia katika habari ya arusi. Mahali pa kwanza msemaji anaeleza hali yake mwenyewe, naye ni kiima. Mahali pa pili divai ni kiima, na wenye karamu wanaingia kama yambwa. Chaguo hizo mbili zinaonyesha jinsi mnyambuliko unavyoweza kufuata mkazo wa habari.

Athari huenda kwa upande wa pili pia. Mkenya anayezungumza Kiingereza husema "sugar is finished" pale ambapo Mwingereza angesema "we have run out of sugar". Hii ni "sukari imekwisha" iliyovaa nguo za Kiingereza. Haivunji kanuni ya sarufi ya Kiingereza, na ndani ya Afrika Mashariki inaeleweka bila shida. Kosa la mwalimu ni kuifuta kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Afadhali amwonyeshe mwanafunzi kwamba ametafsiri umbo la (10), na kwamba akitaka kutafsiri umbo la (13) Kiingereza kinamdai aanze na mtu. Mwanafunzi huyo tayari anaijua tofauti hiyo katika lugha yake. Kinachohitajika ni kumkumbusha.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba vitenzi vya upungufu katika lugha hizi mbili vinakutana kwa maana na kuachana kwa ujenzi. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kamusi za lugha mbili zisitosheke na kuandika -isha mbele ya "run out". Zionyeshe kwa mifano -isha, -ishia na -ishiwa, pamoja na nafasi ya kiima na yambwa katika kila umbo, kwa sababu msomaji hawezi kuyakisia hayo kutokana na umbo la msingi. Pili, somo la tafsiri katika vyuo lianze na maswali matatu kabla ya kutafuta neno: ni kitu gani kilichopungua? Kimempungukia nani? Je, yuko aliyekimaliza? Majibu yakipatikana, kitenzi hujichagua. Yasipopatikana katika matini ya asili, mfasiri ajihadhari asiyatunge kwa bahati mbaya kupitia kiambishi kimoja.